Bahari imetuharibikia: je, huzuni yangu ni upungufu wa imani?

SWALI

Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mkulima wa mwani, pwani ya mashariki ya Unguja. Kazi hii nilirithi kwa mama. Sasa kila ikifika kaskazi maji yakashika moto, mwani unageuka mweupe kwenye ncha, unalainika, unakatika. Bamvu likitoka naenda kukuta kamba na vigingi vitupu, nalia peke yangu. Usiku nikiwatazama wanangu usingizi haunijii. Jirani ananiambia hii ni adhabu, kwa sababu ya mambo yanayofanyika ufukweni. Mume wangu anasema ni kadari, Kiama kimekaribia, na wanaopanda mikoko wanajisumbua bure. Je, huzuni hii ni upungufu wa imani? Na nikihangaika, nahangaikia nini?

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Kulia si upungufu wa imani. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alilia mwanawe Ibrahim alipokuwa anakata roho, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Nabii Yaaqub naye alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, na Qur'ani haikumlaumu kwa hilo. Waliomlaumu ni wanawe. Yeye akawajibu: "Mimi namshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko langu na huzuni yangu."

Lakini soma aya inayofuata katika Surat Yusuf, maana wengi wetu tunaishia hapo. Mzee yule, macho hayaoni, anawaambia wanawe: nendeni mkamtafute Yusuf na nduguye, wala msikate tamaa na faraja ya Mwenyezi Mungu. Huzuni haikumzuia kutuma watu wakatafute. Kilichokatazwa ni kukata tamaa, ile hali ya mtu kukunja mikono na kusema basi tena.

Kuhusu jirani yako, na mimi nimechoka kuyasikia maneno haya. Mwenyezi Mungu amesema katika Surat Rum, aya ya 41, kwamba uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa yale iliyoyachuma mikono ya watu, ili awaonjeshe baadhi ya waliyoyatenda, huenda wakarejea. Ni kweli, mikono ya watu. Sasa tuulizane: ya nani? Bahari inapata joto kwa sababu ya makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa zaidi ya karne moja, na sehemu kubwa imechomwa na nchi tajiri. Bara zima la Afrika, kwa watu wake wote, hutoa kiasi cha asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa ya dunia. Matumbawe ya pwani yetu yalipopauka mwaka 1998 kwa joto la maji, yalipauka kuanzia Kenya mpaka Msumbiji na hadi Shelisheli. Huwezi kuyabebesha lawama hiyo mavazi ya watu wa ufukwe mmoja. Qur'ani yenyewe imetuonya, katika Surat Anfal, juu ya fitna isiyowapata peke yao wale waliodhulumu. Wewe umepatwa na dhuluma ya wengine. Toba ni wajibu wa kila mmoja wetu kila siku, lakini anayemwambia aliyepatwa na msiba kuwa amelaaniwa amesema juu ya Mwenyezi Mungu asilolijua.

Mume wako mjibu kwa upole, maana nahisi naye ana hofu, ila anaificha nyuma ya neno kadari. Mwambie habari ya Sayyidna Umar alipokuwa anaelekea Sham, upande wa Syria, akaambiwa kuna tauni. Aliamua kurudi na watu wake. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza: unakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Akajibu: ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Na hilo la Kiama, Mtume amelijibu kwa hadithi aliyoipokea Anas: Kiama kikisimama na mmoja wenu ana mche wa mtende mkononi, akiweza kuupanda kabla hakijasimama, na aupande. Hakusema utazaa. Hakusema mtu atakaa kivulini mwake. Basi mkoko unaosaidia kuzuia maji ya chumvi yasiingie kwenye mpunga wa watu, utaachwaje?

Unauliza faida ya kuhangaika. Nenda Pemba, ukasikie habari za kisiwa cha Misali. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika huko akaomba msala wa kusalia. Alipoukosa akasema kisiwa hiki ni mfano wa msala, akasali. Simulizi ni simulizi, siifanyi hoja. Ila mwaka 1998 Misali ilipofanywa hifadhi, na baadaye wavuvi wakasomeshwa aya za uangalizi wa viumbe, wapo walioacha baruti ambao marufuku ya serikali haikuwa imewaachisha. Joto la bahari halikupungua kwa hilo, na tusidanganyane. Lakini tumbawe lisilopigwa baruti lina nafasi bora ya kuinuka likishapauka.

Sasa mambo yako mwenyewe. Usilie peke yako. Wanawake mnaoshuka pamoja bamvu likitoka, semezaneni. Na wenye ushirika wao wajaribu mbegu na sehemu nyingine, kwani mwani wa aina ya kotonii, wenye bei, umewashinda wengi maji ya kina kifupi, na aina ya spinosamu inastahimili zaidi ingawa bei yake ni ndogo. Wapo wanaokwenda maji ya kina kwa ngalawa. Ukitaka kuwafuata, jifunze kuogelea kwanza, na mfundishwe na wanawake wenzenu kama stara ndiyo inayokutia wasiwasi. Mwenyezi Mungu amekataza tusijitupe kwenye maangamizo kwa mikono yetu, na kipato hakihalalishi kuzama.

Usiku dua ya Mtume ya kujikinga na wasiwasi na huzuni, na kushindwa na uvivu, isome pamoja na wanao, wakusikie ukiomba. Usiwaambie kwamba kila kitu ni sawa, maana wanaiona bahari. Na usingizi ukiendelea kukukimbia kwa wiki kadhaa, au ukaanza kutamani kufa, nenda hospitali ukamweleze daktari hivi hivi ulivyonieleza mimi. Kisomo na dawa havigombani, na Mtume ametuamrisha tujitibu.

Wallahu a'lam.