Ratiba ya rangi tatu na saba zenye mkanda

Juzi jirani yangu hapa Bombo, Uganda, kaniletea ratiba yake ya kuwafundisha wanawe nyumbani niione. Watoto watatu, P.2, P.5 na P.7 (darasa la pili, la tano na la saba), kila mmoja vipindi vinane kwa siku na rangi yake ya kalamu. Vipindi 24, mwalimu mmoja, na huyo mwalimu ndiye mpishi wa posho, yaani ugali. Nilicheka mpaka akanuna. Dada yangu, ratiba hiyo naijua. Niliichora mwenyewe shule zilipofungwa 2020, haikumaliza wiki mbili.

Haya, wageni wa kufundisha nyumbani, sogeeni.

1. Msiandike skimu tatu, yaani mipango mitatu ya masomo. Hesabu na kusoma, kila mtoto peke yake, hapo hakuna ujanja. Mengine changanyeni. SST, yaani maarifa ya jamii, yenyewe imepangwa hivyo: P.4 wilaya, P.5 Uganda, P.6 Afrika Mashariki, P.7 Afrika. Ramani moja ukutani: wa P.5 anaufuata Nile kutoka Jinja hadi mpaka wa Sudan Kusini, wa P.7 anaendelea nao hadi Misri, wa P.2 anapaka maji rangi.

2. Mwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mtafutieni mapema shule yenye namba ya kituo cha UNEB, baraza la mitihani la Uganda, maana hasajiliwi kutoka sebuleni.

3. Mtoto wa katikati. Lo.

Shule zilipofunguliwa Januari 2022 sisi tulibaki nyumbani, nilijiona fundi. Mkubwa ana mtihani, basi anampata mama. Mdogo analia, naye anampata mama. Wa katikati alikuwa mtulivu. Saa tatu nampa hesabu za sehemu, saa nne daftari liko mezani, safi, majibu yote sawa. Natia tiki nyekundu kwa mkono mmoja, wa pili unasonga posho. Mihula miwili! Nikamsifu mpaka kwa shangazi zake, na kwamba anaosha vyombo bila kutumwa.

Siku moja nikamtuma sukari. Chenji ikarudi pungufu, naye hawezi kuniambia pungufu ya ngapi. Nikafungua daftari, na siku hiyo nikalisoma kweli. Kila 7 ilikuwa na kijistari kiunoni, kama mkanda. Yeye haandiki saba hivyo. Dadake ndiye anayeandika hivyo.

Walikuwa na mkataba: dada anamfanyia sehemu, yeye anaosha vyombo vya zamu ya dada. Sikumpiga mtu. Nilikaa jikoni nikalia mpaka posho ikaungua. Kisha tukarudi nyuma kabisa, tukaanza na chapati: nusu, robo, thumuni. Likizo nzima ikaishia hapo, na unga mwingi.

4. Ijumaa daftari lifungwe, kila mtoto aeleze kwa mdomo alichosoma.

5. Kalamu za rangi wapeni watoto.

Jirani alipoacha kununa akaniuliza, sasa atajuaje kama wake nao hawana mkataba. Nikamwuliza vyombo vya jana usiku nani kaviosha. Akageuka kutazama mlango wa jikoni.