"Dadu za Mwanza": Jina Hili Linasajilika?

SWALI: Ndugu mhariri, mimi na wenzangu watatu tumetunga mchezo wa kuigiza wa mezani, ule wenye msimulizi, wahusika na dadu. Kanuni tumezijenga juu ya zile za Dungeons & Dragons, na tunataka kuuita "Dadu za Mwanza". Je, jina hilo tunaweza kulisajili? Na jaladani tunaweza kuutaja mchezo huo wa Wamarekani?
Msomaji, Nyegezi, Mwanza

JIBU: Jina ndilo lenye kasoro. "Dadu" ni kifaa cha mchezo, "Mwanza" ni mahali, na maneno hayo kila mtunga michezo wa hapa atayahitaji. Msajili hawezi kuwamilikisha ninyi kirahisi. Afadhali hata "Dagaa": kwa muuza samaki wa Kirumba halisajiliki, lakini kwa mchezo halielezi chochote, na nguvu yake iko hapo hapo.

Maombi hupelekwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao. Mkiwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, hamna haja ya kusafiri hadi Dar es Salaam. Tafuteni kwanza kama halijasajiliwa jina linalofanana nalo, hata kwa matamshi tu. Wengi hukosea kwenye madaraja, yaani makundi ya bidhaa ambazo jina litazilinda: michezo na dadu ziko daraja la 28, kitabu cha kanuni kilichochapwa daraja la 16, faili la kupakua daraja la 9. Kila daraja na ombi lake, na ada yake. Fedha ikipungua, anzeni na 28 na 16. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na wenye pingamizi wana siku 60. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. (Zanzibar ina ofisi yake, cheti cha BRELA hakivuki bahari.)

Kuhusu kanuni, hakimiliki hulinda maandishi, si namna ya kucheza. Isitoshe, Januari 2023 Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huo wa Wamarekani, iliachia kanuni za msingi za toleo la tano, hati ya SRD 5.1, kwa leseni huria ya CC BY 4.0: tumieni, ila tajeni chanzo. Leseni hiyo haigusi alama za biashara, yaani majina na nembo. Jaladani andikeni kwamba kazi yenu inaendana na "5E" (toleo la tano), kama hati yenyewe inavyoruhusu, mkomee hapo. Nembo msiiguse. Ile ya d20 System, iliyowekwa kwenye kazi za wachapishaji wengine zinazoendana na mchezo huo, ilitolewa kwa leseni mwaka 2000. Leseni ilipositishwa 2008, wachapishaji walilazimika kuiacha.

Jambo ambalo hamkuuliza: mwombaji ni nani? Mmoja wenu akijaza fomu kwa jina lake peke yake, alama ni yake, na watatu waliobaki hawana chao kwenye daftari la msajili.