Boeing 787 inagoma kupanda: tatizo ni uzito

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Boeing 787-8 yako, ikitoka Nairobi kwenda New York kwenye mchezo wa urubani wa kompyuta, inaishiwa mwendo ukiipandisha moja kwa moja hadi futi 40,000. Hujakosea usukani, ndege ni nzito tu. Safari ile ni ya saa 15 hivi, na unaondoka na makumi ya tani za mafuta. Huko juu hewa ni nyembamba, mabawa hayawezi kubeba mzigo huo.

Anzia chini zaidi, tuseme futi 34,000. Mafuta yakishapungua vya kutosha, panda 2,000, kisha subiri saa kadhaa, panda tena. Kompyuta ya safari ya ndege, kwenye ukurasa wa VNAV (wa mpango wa kimo), inakuonyesha OPT, yaani kimo kinachofaa zaidi kwa uzito wa sasa, na MAX, yaani kimo cha juu kabisa. Fuata OPT. MAX ni ukingo wa shimo, usikae hapo. Halafu JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, wenyewe uko futi 5,300 juu ya bahari, basi ondoka usiku hewa ikiwa baridi, injini zitavuta vizuri zaidi.

Kuhusu swichi: usijifunzie video za 737. Kwenye 787 injini huwashwa kwa umeme, na hewa ya abiria haichotwi kwenye injini, kwa hiyo zile swichi za kuchota hewa ya injini (bleed) unazozitafuta hazipo. Nakusihi, kabla ya New York rusha Nairobi–Mombasa mara tano, ukipanga mafuta mwenyewe kila mara.