Gari linalolala nje, nta inaacha madoa

SWALI: Sina gereji, gari linalala chini ya mti. Nikilipaka nta linabaki na madoa meupe. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, mkosaji ni jua. Bodi ikiwa ya moto, nta hukauka na kung'ang'ania kabla hujaifuta. Weka kiganja kwenye boneti. Ukishindwa kukiacha hapo, subiri. Mimi huanza alfajiri na ndoo mbili, moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa, maana mchanga ukirudi kwenye rangi huwa msasa. Nta napaka mlango mmoja, nafuta, ndipo naenda wa pili. Na gari lihamishe kutoka chini ya huo mti: utomvu na kinyesi cha ndege hula rangi. Kitambaa kikianguka chini, achana nacho. Mimi nilikiokota nikaendelea. Mkwaruzo wake kwenye mlango wa dereva nauona kila asubuhi.