Chupa isimnyang'anye mtoto shibe yake

SWALI: Mwanangu ana miezi 4, ananyonya maziwa yangu tu, na amenona hadi mapaja yana mikunjo. Mawifi wanasema nimpunguzie kunyonya asije kuwa na unene wa kupindukia. Karibuni narudi kazini, atabaki na maziwa niliyokamua. Nimpimieje?

JIBU: Usimpunguzie, mama. Mtoto anayenyonya huongezeka uzito haraka miezi 2 au 3 ya mwanzo, kisha kasi hupungua yenyewe. Mikunjo haipimi unene. Kinachopima ni uzito ukilinganishwa na urefu, na hilo hufanyika kliniki.

Kunyonyesha si kinga kamili ya unene, lakini kuna jambo moja kubwa: kwenye titi mtoto ndiye anayevuta, akishiba anaachia, na hakuna anayeona kilichobaki. Kwenye chupa mlezi anaziona mililita 30 zilizosalia, anazionea uchungu, anambembeleza mtoto amalize. Ikiwa hivyo kila siku, mtoto anazoea kula kupita shibe yake.

Umri huu hunywa wastani wa mililita 750 kwa siku. Kama hula mara 8, kila mlo ni kama 90. Hifadhi maziwa katika vyombo vya mililita 60, na vingine vya 30 vya kuongezea, ili kisibaki kingi. Masalio ya chupani humwagwa baada ya saa 2. Mlezi amkalishe wima kiasi, chupa ailaze karibu usawa, chuchu iwe na tundu dogo, na ampumzishe kila baada ya mafunda machache. Mlo uchukue dakika 15 hadi 20. Ukiisha kwa dakika 5, tumbo limejaa kabla mtoto hajahisi shibe, naye ataendelea kutaka. Akigeuza uso, akikunjua viganja au akisinzia, basi, hata kama maziwa yapo. Na uji usiingie kwenye chupa kabisa.

SWALI: Binti yangu wa wiki 10 anatumia maziwa ya kopo na haonekani kushiba. Niongeze kijiko cha unga wa maziwa hayo?

JIBU: Hapana. Unga ukizidi, nishati na chumvi huzidi pia. Mtoto anashikwa na kiu, analia, anadhaniwa ana njaa, anapewa tena. Anza na maji, kisha vijiko vilivyosawazishwa bila kushindiliwa, kwa idadi iliyoandikwa kwenye kopo. Mnyweshe polepole kama tulivyoeleza hapo juu. Uzito usipopanda, mpeleke akapimwe.