Barua kwa mwanangu kuhusu kuhesabu wahudumu wa kesho

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia. Umeniuliza kama nchi ambayo watu wake wanazeeka inaweza kujiandaa kwa kuongeza tu nafasi za masomo ya udaktari, kama kamati yenu inavyopendekeza. Mimi niliyewauguza wazee wodini hadi nikastaafu, nasema haitoshi, na kosa linaanzia katika hesabu yenyewe.

Mnagawanya idadi ya watu kwa idadi ya madaktari, kana kwamba kila mgonjwa ana mzigo sawa. Kijana aliyevunjika mkono hufungwa plasta akaenda zake. Lakini mzee aliyepatwa na kiharusi, naye tayari ana kisukari na shinikizo la damu, anahitaji mtu wa kumgeuza kitandani asipate vidonda, wa kumfundisha kutembea upya, wa kupitia dawa zake kwa kuwa nyingine hupingana, na hata wa kumwelekeza binti yake namna ya kumlisha asipaliwe. Katika kazi hizo zote, sehemu ya daktari ni ndogo. Orodhesheni kazi kwanza, ndipo mtafute wa kuzifanya.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2050 watu wenye miaka 60 na zaidi watafika bilioni 2.1. Hao wote wamekwisha kuzaliwa, hata mdogo wao ana umri wa kuitwa mzazi, kwa hiyo hakuna atakayesema alishtukizwa. Daktari bingwa huchukua miaka kumi au zaidi kuiva, muuguzi mitatu au minne, mtunzaji, yaani yule anayemsaidia mzee kuoga, kula na kutembea kila siku, miezi tu. Na huyo wa mwisho, ajabu, ndiye asiyetajwa katika rasimu ya mapendekezo ya kamati yenu. Japani ilianzisha bima ya utunzaji wa muda mrefu, yaani ya kulipia matunzo ya wazee wasiojiweza, mwaka 2000, na mpaka leo inahangaika kupata watunzaji.

Kuajiri kutoka nje kunasaidia kidogo, ila ni kuhamishia pengo kwa jirani.

Tena wahudumu nao wanazeeka, na wanaokaribia kustaafu ndio hao hao wanaofundisha wanagenzi. Katika kikao kijacho ombeni orodha ya umri wa wauguzi na wakufunzi wenu, kisha uniandikie ni wangapi wamevuka miaka 50.

Ni mimi mama yako.