Barua kwa mwanangu: anza na mtu mmoja

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliukuta alfajiri, nikausoma mara tatu kabla sijatoka kitandani. Umeandika: "Mama, leo ni siku ya 112 sijagusa pombe. Wenzangu wananiita Jumamosi, wanasema nimewatenga. Nikiwakwepa nabaki peke yangu na kuta nne. Nikienda naogopa. Sasa nitarudije kwa watu?"

Nimeshukuru sana kwamba umeuliza kabla ya Jumamosi.

Swali hilo nalijua. Ulikuwa na miaka 8 nilipoacha kunywa, na siku zile sikuwa na wa kumwuliza. Unachokumbuka labda ni kwamba mama alikuwa mgonjwa, ukakaa kwa mama mkubwa kwa muda. Mengine nilikuficha. Leo nitakueleza machache, kwa sababu sasa yanakuhusu.

Jibu langu ni hili: usirudi kwenye kundi. Rudi kwa mtu mmoja, kisha mwingine. Kundi lina mwendo wake. Hata kama kila aliyemo anakupenda, wakishakaa pamoja saa ileile, viti vilevile, mikono hufanya ilivyozoea. Hilo sikuambiwa na mtu, nililiona kwa macho yangu.

Nilikuwa nimetimiza wiki 7. Mwenzangu wa kazini alikuwa na sherehe, nami nikajiona nimeshapona, nikaenda peke yangu na tumbo tupu. Hata sijakaa vizuri, rafiki yangu akaniwekea glasi mbele yangu. Hakuuliza nataka nini. Alijua nilichokuwa nakunywa miaka yote, na aliniwekea kwa mapenzi kabisa. Mpaka leo naiona ile glasi. Ilikuwa ya baridi, imetoka jasho, tone moja likateremka polepole hadi kwenye kitambaa cha meza na kuacha alama ya duara. Mate yakanijaa mdomoni. Kuja kutazama, vidole vyangu vimeshaishika, wala sikumbuki kuvituma.

Sikuwa mtu mbaya jioni ile, na wewe si mtu mbaya unapotamani. Ubongo uliokunywa kwa miaka umeviunganisha vitu vingi na pombe: harufu, mlio wa glasi, kicheko cha fulani, saa ya jioni. Ukikutana na kimoja, dopamini, kemikali ya ubongo inayochochea hamu, inaamka na mwili unadai kile kilichokuwa kikifuata. Haungoji ruhusa yako. Lakini hamu hiyo ina tabia ya wimbi. Inapanda, inafika kileleni, inashuka, na usipoipa inachotaka mara nyingi haimalizi nusu saa. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Alan Marlatt, aliwafundisha wagonjwa wake wapande juu ya wimbi hilo mpaka litulie, badala ya kupigana nalo. Mimi habari zake sikuwa nazo. Niliinuka tu, nikaenda kunawa, nikaacha maji ya baridi yanipite mikononi mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha nikatoka bila kumuaga mtu.

Kesho yake yule rafiki akapiga simu amekasirika, anadhani nimemdharau. Nikamwambia ukweli wote. Akanyamaza, halafu nikasikia analia. "Mbona hukuniambia? Nimekuwekea kwa mikono yangu mwenyewe." Siku mbili baadaye akanipitia jioni, tukatembea kwa miguu saa nzima. Hapakuwa na meza, kwa hiyo hapakuwa na cha kuweka juu yake. Tukawa tunafanya hivyo kila wiki. Ndiye huyo unayemwita mama mdogo, na undugu wa damu hatuna.

Basi Jumamosi hii usiende. Hilo nakuambia wazi, sitaki kulizungusha. Siku 112 ni nyingi na nina fahari nazo, lakini meza ile bado ina nguvu kuliko wewe, hasa ukifika ukiwa na upweke. Wale waliotutangulia kwenye njia hii huhesabu mambo manne ya kujikagua: njaa, hasira, upweke na uchovu. Wewe tayari umeshaniandikia moja.

Lakini nikisema usiende sisemi ujifungie. Upweke nao unarudisha watu kwenye chupa, pengine haraka kuliko marafiki. Chukua simu, umchague mmoja katika hao wanaokuita, mwombe mkutane Jumapili asubuhi mahali pasipouzwa pombe. Wa kumchagua utamjuaje? Jiulize: mimi na huyu tumewahi kufanya nini pamoja bila kunywa? Kwa wengine utakumbuka mpira, safari, siku aliyokusindikiza hospitali. Kwa wengine utatafuta usipate kitu. Hao usiwachukie. Hawakukukosea. Kilichowaunganisha kimeondoka tu, na utaumia kidogo kugundua hivyo, kwa sababu kuna watu utawakumbuka sana.

Ukikaa na huyo mmoja, mwambie: "Nimeacha pombe. Situmii tena." Iseme kwanza chumbani kwako kwa sauti, mara nyingi, mpaka ulimi uizoee. Usiongeze maelezo. Maelezo marefu yanafungua mjadala, na katika mjadala kuna mtu atasema moja tu haina neno. Wala usiseme uongo kwamba uko kwenye dozi ya dawa, kwa sababu dozi ina mwisho, na siku utakayodhaniwa umeimaliza utaletewa glasi. Kisha msikilize. Anayeuliza "unaendeleaje, nikusaidieje?" huyo ni wako. Anayeuliza utaacha mpaka lini, mpe muda, lakini usikae naye usiku.

Umetaja pia zile bia zisizo na kilevi, kwamba labda ushike moja ili usionekane wa ajabu. Mimi nakusihi uziache. Nyingi zinaruhusiwa kuwa na kilevi hadi asilimia 0.5, lakini wasiwasi wangu mkubwa ni ladha na harufu, maana ubongo hausomi lebo. Na kama kidonge alichokupa daktari ni disulfiramu, ile inayogombana na pombe mwilini, jihadhari hata na dawa ya kikohozi yenye kilevi: uso utawaka, moyo utakwenda mbio, utatapika. Vidonge usiviache kwa sababu tu unajisikia vizuri. Kaongee na daktari kwanza.

Itafika siku ya shughuli usiyoweza kuikwepa, harusi au msiba. Nenda na mtu anayejua. Kula kabla hujatoka. Uwe na namna yako ya kurudi nyumbani, usitegemee gari la mtu anayekunywa. Shika kinywaji chako tangu mwanzo, na ukikiacha mezani usikirudie, chukua kingine. Weka saa ya kuondoka, na ikifika ondoka hata kama mambo ndiyo yanaanza kunoga. Mimi mwaka wa kwanza sikuwahi kukaa zaidi ya dakika 40.

Kwenye kundi la kusaidiana usikose. Najua uliniambia unachoka kusikia hadithi za watu. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, mfanyabiashara aitwaye Bill Wilson alikuwa safarini, biashara imeharibika, na pale hotelini palikuwa na baa. Alikuwa na miezi kama mitano tu bila pombe, si mingi kukupita wewe. Badala ya kuingia baa akapiga simu huku na huku akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akapata daktari mmoja, Robert Smith, wakaongea kwa saa nyingi. Wawili hao ndio walioanzisha Alcoholics Anonymous, jumuiya ya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ambayo leo ina vikundi katika nchi nyingi duniani. Na yule daktari baada ya mazungumzo hayo aliteleza, akanywa tena, kisha akaacha moja kwa moja mwezi Juni mwaka huohuo. Nakipenda kisa hiki kwa sababu kilianza na mtu mmoja akimtafuta mtu mmoja.

Wazee wanasema kuteleza si kuanguka. Ukiteleza, nipigie usiku huohuo, usingoje aibu ipungue. Ila jua kwamba mwili wako umeshasahau pombe. Kiasi ulichokuwa unakimudu zamani sasa kinaweza kukuua. Na ukinywa siku nyingi mfululizo, usijaribu kukata ghafla ukiwa peke yako chumbani. Unakumbuka siku ya pili ya kuacha ulivyotetemeka, kikombe kikakushinda? Wengine hupata degedege, wengine huchanganyikiwa kabisa. Hospitali kwanza.

Sasa lile nililokuficha. Wataalamu waliochunguza mapacha wanakadiria kwamba karibu nusu ya hatari ya uraibu wa pombe hutokana na urithi. Nilijua hivyo ukiwa shuleni bado. Nilipaswa kukuketisha nikakwambia, mwanangu, mama alikuwa mlevi, na mwili wako huenda ukaipokea pombe kama wangu. Niliona aibu. Nikasema utakuja kuelewa ukikua, na ulipokua nikasema nimechelewa. Nisamehe, baba.

Kuhusu ndugu na majirani, ambao hukuwataja lakini najua wapo: watakuamini polepole, na mwendo huo si wako kuupanga. Usizunguke nyumba kwa nyumba ukiomba radhi kwa wiki moja. Waliokukopesha walipe, hata kidogo kidogo. Uliyemwahidi kufika saa fulani, fika. Kuna atakayekataa msamaha wako, na ana haki hiyo.

Mama mkubwa, yule aliyekulea, alikuwa akija kunisalimia ananikumbatia muda mrefu kuliko kawaida. Wiki za kwanza nilidhani ni huruma. Halafu siku moja nikahisi pua yake imegusa shavu langu karibu na mdomo, ametulia, ananinusa. Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga. Lakini nikakumbuka mara ngapi nilimwambia sijanywa nikiwa nimekunywa. Nikasimama, nikamwacha aninuse. Aliendelea hivyo karibu miaka 2. Sijui ni lini hasa aliacha. Nilikuja kugundua tu kwamba siku hizi akifika ananikumbatia upesi, ananipita, anaenda zake jikoni.

Wewe nawe utanuswa. Mimi mwenyewe ukija nitakunusa, na nakuambia mapema ili usije ukaumia.

Jumamosi saa 3 usiku, wakati wenzako wameshakaa, ndipo itakapokuwa ngumu. Nipigie saa hiyo hata kama huna la kusema. Tutakaa tu kwenye simu, unaweza kufanya kazi zako nami nifanye zangu, mpaka upate usingizi. Na mama mdogo ameniambia nikuulize kama Jumapili, ukishamaliza na huyo rafiki yako, utapenda kutembea naye jioni. Anasema viatu vyake bado viko mlangoni.

Mama yako